Magari ya farasi ya Farao yalikuwa ya kazi gani hasa?

SWALI: Habari mtaalamu. Kwenye Kutoka 14 tunasoma Farao alichukua magari 600 kuwafukuza Waisraeli. Hayo magari ndo yalikuwa vifaru vya kivita vya zama zile, yaani yanagonga na kukanyaga watu? Na kwa nini wasipande tu farasi mgongoni, si ingekuwa rahisi?

JIBU: Salama kaka. Hiyo ya kifaru iweke pembeni kabisa, filamu ndo zimetuharibu. Gari la vita la Misri lilikuwa jepesi mno, linakadiriwa kilo 30 na kitu bila watu, sasa hilo ukilibamiza kwenye safu ya askari wenye mikuki linapasuka lenyewe, na farasi naye hakubali kujirusha kwenye kundi la watu waliosimama imara. Kazi yake ilikuwa kumbeba mpiga upinde. Mmoja anashika hatamu, mwenzake anarusha mishale, wanapita mbele ya adui kwa spidi, wanageuza, wanarudi tena, na adui akishavunja safu akaanza kukimbia hapo ndo wanamfukuza.

Tunayajua vizuri kwa sababu kaburi la farao Tutankhamun, lililofunguliwa na mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter mwaka 1922, lilikuwa na magari 6 ndani, yamefunguliwa vipande vipande na ekseli (mti unaounganisha magurudumu mawili) zimekatwa kwa msumeno ili zipite mlangoni (mafundi wa mazishi hawakuwa na huruma). Angalia gurudumu lake, mimi hapo huwa sichoki: wanachukua mti, wanaukunja kwa umbo la V, kisha V mbili zikikutana mgongo kwa mgongo zinagundishwa na hiyo ndo spoku moja (mti unaotoka katikati ya gurudumu hadi ukingoni), zipo 6, halafu wanafunga kwa ngozi mbichi iliyolowa ambayo ikikauka inajibana yenyewe. Hakuna msumari hapo. Sakafu nayo siyo ubao, ni kamba za ngozi zilizosukwa kama kitanda cha kamba, inanesa, mpiga mishale harushwirushwi sana kwenye mabonde.

Ekseli wameiweka nyuma kabisa ya bodi, na magurudumu yametanuliwa kwa upana. Ndo maana dereva anaweza kukata kona kali bila kupinduka, ila uzito kidogo unawaangukia farasi wawili kupitia ule mti wa katikati unaoshika nira. Wahiti, wapinzani wa Misri kutoka Uturuki ya leo, wao walipakia watu watatu badala ya wawili, na walipokutana na Ramses wa Pili pale Kadeshi, Syria ya leo, karibu mwaka 1274 KK, maandishi ya Misri yanasema yalikuja magari 2,500 kwa mpigo, japo hesabu ya mfalme anayejisifia mimi naipunguza kidogo.

Kwa nini wasipande mgongoni? Farasi wa enzi hizo walikuwa wadogo, hakuna tandiko la maana, hakuna vikuku vya kukanyagia, na upinde unataka mikono yote miwili. Hata Waashuru walipoanza kupanda, karne ya 9 KK, walikwenda wawili wawili, mmoja anarusha mishale na mwenzake pembeni anashika hatamu za farasi wote wawili, yaani ni gari lile lile bila gari. Baadaye wakazoea, farasi wakawa wakubwa, na gari likaanza kuonekana gharama ya bure kwa sababu linataka ardhi kavu tena tambarare. Sisera wa Waamuzi 4, jemadari wa Wakanaani, alikuwa na magari 900, lakini kule mto Kishoni aliishia kushuka na kukimbia kwa miguu.

Lilipotoka vitani halikufa. Wafalme waliendelea nalo kwenye uwindaji na maandamano, na Warumi nao wakawa na mchezo wa mbio zake, farasi wanne, timu za rangi (nyekundu, nyeupe, bluu, kijani) na mashabiki wa kupigana ngumi. Diocles, dereva wao maarufu, alishinda mbio 1,462 kati ya 4,257 ndo akastaafu, ana miaka 42.