Kijana amemaliza mazoezi yote, lakini cheti usimpe kwanza

Mkuu, umeuliza kama unamwonea kijana wako. Amemaliza mazoezi yote ya kozi ya mwanzo ya uzamiaji, anaogelea kuliko wenzake, na mwenye vizimba vya samaki anamsubiri akakague nyavu. Ila umeona kila akishtuka kidogo anakimbilia juu, na mkono wako umekuwa mzito kutia sahihi. Kwa maelezo hayo, humwonei. Nimefundisha uzamiaji hapa Mwanza kwa muda mrefu, na uamuzi wangu ungekuwa huohuo.

Kuogelea mita 200, kuelea dakika 10, kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena: hayo hayana mjadala, asiyeweza anarudia. Kazi ipo kwa yule anayeweza. PADI, shirika la kimataifa la mafunzo na vyeti vya uzamiaji, hawatosheki na zoezi kufanyika mara moja; wanataka mwanafunzi alifanye kwa utulivu, bila kukwama, na aweze kulirudia. Aliyetoa maji kwenye miwani huku amekung'ang'ania mkono hajafaulu zoezi, amenusurika tu.

Sasa hawa vijana wetu wa ziwani. Wengi wamekua wakipiga mbizi kunasua nyavu, na mbizi ya namna hiyo ni kubana pumzi. Mwili umeshazoea kwamba hatari ikija, funga mdomo, panda. Ukiwa na mtungi mgongoni, zoea hilo linaua. Hewa uliyovuta kule chini inatanuka kadiri unavyopanda. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kanieneo ya hewa juu ya maji ni ndogo kuliko ya Dar, na pumzi uliyoibana kwenye mita 9 hivi inafika juu imekuwa mara mbili. Mapafu hayana nafasi ya kuipokea, yanapasuka. Wala si lazima uwe kina kirefu, hata mita moja na nusu inaweza kumdhuru mtu. Ndiyo maana muogeleaji hodari hanidanganyi. Namwangalia mapovu tu. Akipanda bila kutoa mapovu, hata kwenye bwawa, hata siku ya mwisho, hapati cheti kwangu.

Na tafadhali usimvizie mwanafunzi kwa kumvua miwani au kumchomoa regyuleta, kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi, ili uone atafanyaje. Ni ukatili, na unaweza kumuua. Misukosuko midogo huja yenyewe: mkanda wa uzito unalegea, maji yanaingia puani, mwenzake anampiga teke. Angalia mikono na macho yake wakati huo. Akisimama, akavuta pumzi, kisha akashughulika, huyo ameiva. Mwoga anayekuonyesha ishara kwamba ana tatizo namwamini kuliko jasiri anayeficha, kwa sababu mwoga huyo nitamsaidia kabla mambo hayajaharibika.

Nikibaki na shaka, najiuliza kama ningemfunga jozi na mwanafunzi dhaifu kuliko wote darasani, mimi nisiwepo, wakashuka pamoja Ghuba ya Mwanza siku maji yamechafuka kiasi cha kutoona kiganja chako. Nikisita, jibu nimelipata. Kizimba nacho kina nyavu za kumnasa mtu, na aliyenaswa akaanza kuhangaika anazidi kujifunga.

Usisahau pia cheti hakiishii kwa mwajiri. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, wazamiaji walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai siku mbili baadaye. Siku ya msiba kama ule, kijijini wataulizwa nani anajua kuzamia, na mwenye cheti chako atasimama.

Mwambie wewe mwenyewe, leo, mkiwa wawili, si mbele ya wenzake. Mtajie ulichokiona: ulipanda umebana pumzi, mapovu hayakutoka. Usimwambie "bado hujakomaa", hilo halimfundishi kitu. Ada ya kurudia usimdai. Mwenye vizimba mpigie wewe simu, ili kijana asibaki kujieleza kwa bosi, na bosi huyo akitishia kutafuta mwalimu mwingine mwache atafute. Kisha mrudishe kijana kwenye maji mafupi, apige magoti, apande taratibu huku anatoa mapovu madogo mfululizo, siku baada ya siku, mpaka afanye hivyo hata akiwa amechoka na akili iko kwingine. Hapo ndipo mrudi ziwani.