Kabla hujaficha bati, nisikilize kwanza

Juzi dada mmoja anayejenga Madale alinitumia picha ya nyumba aliyoiona Instagram. Nyeupe, pembe kali, vioo kuanzia chini hadi juu, bati halionekani hata ukirudi nyuma mpaka barabarani. Akauliza jambo moja tu: "Kaka, hii inaweza kunigharimu shilingi ngapi?" Nikamjibu kwamba inategemea anahesabu saruji na nondo peke yake, au anahesabu na umeme wa LUKU wa miaka ishirini ijayo. Akanirudishia kicheko. Mimi sikuwa natania.

Kuanzia Goba hadi Kigamboni, anayenunua kiwanja leo anataka nyumba ya kuficha bati. Sina ugomvi na urembo wake. Ugomvi wangu una historia.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja mwenye uwezo alinipa kazi ya kumchorea nyumba Kigamboni, kiwanja kizuri, upepo wa bahari unafika. Nikakaa na ile kazi kwa moyo wote. Nikamchorea nyumba ndefu, pande zake ndefu zikitazama kaskazini na kusini, kwa sababu hapa Dar kuta zinazochapwa na jua ni za mashariki na magharibi. Kaskazini na kusini jua la mchana linapita juu sana, upenu wa mita moja unatosha kulizuia lisiguse dirisha. Paa likatokeza pande zote. Mbele nikaweka baraza. Madirisha yakatazamana, ili kusi ikiingia chumbani ipate na pa kutokea, na kaskazi ikija miezi ya joto nayo isigonge ukuta.

Mzee akaitazama, akamwita mkewe aje aitazame. "Mdogo wangu," akaniambia, "hii si zahanati hii?" Mkewe alicheka mpaka akatoka nje.

Kazi ikaenda kwa kijana ambaye jina lake hulikuti Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, lakini ana kompyuta inayotoa picha zinazong'aa, na gari la kifahari limeegeshwa mlangoni ndani ya picha. Mimi nikapewa nauli. Naandika haya bila kinyongo. Au tuseme kimebaki kidogo.

Nyumba ikajengwa, ikapakwa rangi, watu wakapiga nayo picha. Halafu masika ikaja.

Ngoja nikueleze kinachotokea, maana mafundi wengi hawatakuambia. Kwenye nyumba ya kuficha, bati limelazwa kwa mteremko mdogo na kuzungushiwa kuta. Maji yote ya paa yanakusanywa kwenye gata iliyo ndani ya kuta hizo. Mwarobaini wa jirani ukipukutisha majani, gata inaziba. Kwenye nyumba ya kawaida gata ikiziba maji yanamwagika uani. Kwenye nyumba ya kuficha yanamwagika sebuleni. Yanapanda, yanatafuta pale bati linapokutana na ukuta, yanashuka taratibu kwenye dari ya jipsamu. Kwanza unaona doa la rangi ya chai, kisha tumbo, kisha siku moja tumbo linapasuka juu ya kochi.

Na hapo sijagusa joto. Ukuta usio na upenu unakula jua kuanzia saa nane mchana hadi linazama, na unalirudisha ndani usiku mnapolala. Dirisha la alumini la kusukuma, hata ulifungue lote, linafunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo kimesimama. Yale madirisha ya luva tuliyoyacheka kwa bibi zetu yalikuwa yanafunguka karibu yote! Kwa hiyo mnaweka AC kila chumba, halafu mnalalamikia umeme.

Mzee alinipigia mwenyewe. Hakuomba radhi, watu wa umri wake hawaombi, lakini aliniita "mbunifu" na si "mdogo wangu". Mwezi uliopita tumemaliza: kuta za juu zimeshushwa, paa limeinuliwa na kutokeza, maji yanaanguka nje. Nimemwomba ruhusa ya kuweka picha hapa, amekataa. Haya.

Sasa nyie mnaosema mimi ni mshamba, hebu tazameni dunia inakoelekea. Mwaka 2022 tuzo ya Pritzker, ambayo kwa sisi wabunifu majengo hakuna kubwa zaidi, ilikwenda kwa Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Ndiye Mwafrika wa kwanza kuipata. Jina lake lilianzia kwenye shule ya msingi ya kijijini kwao, iliyokamilika mwaka 2001: kuta za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, dari ya matofali yenye matundu, na juu yake bati lililoinuliwa kwa vyuma. Joto linapanda, linapita kwenye matundu, linatoka chini ya bati. Bati lake halikufichwa, limetokeza mpaka linafunika kuta kwa kivuli. Wewe unalificha, mwenzako limemfikisha kwenye tuzo.

Wala si lazima twende Burkina Faso. Soko la Kariakoo lilichorwa miaka ya 1970 na Beda Amuli, mzalendo wetu, kwa miavuli ya zege iliyopanuka juu: inakinga mvua na kuyateremsha maji, na hewa inapita kati ya paa na kuta. Moto wa Julai 2021 uliunguza, lakini wazo lile haliungui. Nenda Harare ukaone jengo la Eastgate la Mick Pearce, lililofunguliwa mwaka 1996, maofisi na maduka yanayopozwa kwa hewa ya usiku inayopitishwa kwenye sakafu za zege, bila mitambo ya AC ya kawaida. Hiyo ndiyo mitindo ya kisasa. Sanduku jeupe lenye vioo ni picha ya nchi ya baridi iliyopotea njia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujanunua hata tofali moja, simama kwenye kiwanja chako jioni, ujue jua linazamia wapi. Ujue na upepo unatoka wapi. Paa litokeze. Acha udongo wazi, usimwage pevingi uwanja mzima halafu ukamlaumu jirani wa bondeni kwamba maji yako yamemwingilia. Panda mti upande wa magharibi. Na paa litokeze, nasema tena.

Kama moyo wako umeshaamua kuficha, basi usibane hela juu. Mteremko uongezwe, mabomba ya kushushia maji yawe mawili au zaidi, ukuta wa kuficha utobolewe tundu la dharura chini kidogo ya usawa ambao maji yangeanza kuingia ndani, na pale bati linapokutana na ukuta pafunikwe bati lililochimbiwa ndani ya plasta, si kupakwa gundi. Halafu weka kwenye bajeti hela ya fundi wa kupanda kusafisha gata kila Februari kabla ya masika na kila Septemba kabla ya vuli, maana wewe mwenyewe hutapanda.