Daftari la Waathirika: Kwa Anayeanza Kazi ya Maafa

Ukiingia kwenye kazi ya maafa, iwe umeajiriwa na halmashauri, umechukuliwa na shirika au umejitolea Msalaba Mwekundu, siku ya kwanza utapewa vitu viwili: fulana na daftari. Fulana vaa, watu wakujue. Daftari ndilo lenye mambo.

Wengi wanaoanza huja wamejiandaa kupambana na wezi wa misaada. Wezi wapo, sikatai, na gunia la unga linaweza kupotea kati ya lori na ghala huku watu sita wakiliangalia. Lakini miaka miwili baadaye, ukikuta huyu amelala chini ya bati jipya na jirani yake bado amejibanza kwenye turubai lililochanika, mara nyingi hakuna aliyeiba. Kuna watu waaminifu walijaza fomu vizuri kabisa, ila fomu yenyewe ilikuwa na nafasi ya mtu wa aina moja tu: mwanamume, mwenye nyumba, mwenye kitambulisho, aliyekuwepo siku ya kuandikishwa.

Kwa sheria yetu ya maafa hapa Tanzania, ya mwaka 2022, kamati zipo kuanzia taifa, mkoa, wilaya na kata hadi kijiji na mtaa. Wilayani mwenyekiti ni mkuu wa wilaya. Juu kabisa ipo Idara ya Menejimenti ya Maafa, Ofisi ya Waziri Mkuu. Hiyo yote utaisoma. Usichokisoma popote ni kwamba majina yanayofika Dodoma yaliandikwa kwa kalamu ya mwenyekiti wa kitongoji, usiku au alfajiri, mara nyingi akiwa na msiba nyumbani kwake, akiandika watu anaowakumbuka. Hapo hajafanya kosa lolote. Kosa linakuja pale karatasi ile inapogeuka msahafu. Wiki ya pili inachapwa kwenye kompyuta ya wilaya, inapigwa muhuri, na kuanzia hapo kumwongeza mtu kunahitaji barua tatu. Kwa hiyo kama una nguvu za kutumia, zitumie kabla ya muhuri.

Anza na neno kaya. Fomu inataka mkuu wa kaya. Nenda Hanang, mkoani Manyara, kwa wafugaji, ukakute mume mmoja ana wake wawili au watatu, kila mmoja ana nyumba yake, jiko lake na watoto wake. Ukiandika kaya moja, umeandika nyumba moja, na mke mdogo atasubiri hisani. Andika nyumba kwa nyumba, na jina la anayelala na kupika humo, hata kama mume anakunja uso. Kagera nako ni kibanja cha ukoo, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake: mjane anaishi katikati ya migomba ya mumewe, lakini mashemeji ndio watakaojitokeza kuandikishwa. Usiwagombeze mbele ya watu. Omba tu majina ya wote wanaolala pale, na umweke mjane kwenye mstari wake.

Halafu wapangaji. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu linajirudia kila mahali na kila mara tunalipokea kama jambo jipya. Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 yaliwatoa watu Jangwani na maeneo mengine ya Bonde la Msimbazi, na serikali ikawapa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Viwanja vilimlenga mwenye nyumba. Mtu aliyepanga chumba kimoja, akapoteza godoro, cherehani na mtaji wote wa genge, hakuwa na la kuonyesha. Mwaka 2024 mafuriko yalipopiga Mathare na mitaa mingine ya kandokando ya mito ya Nairobi, serikali ya Kenya iliahidi shilingi 10,000 za Kenya kwa kila familia iliyotakiwa kuhama, huku matingatinga yakiendelea kubomoa. Mathare wengi ni wapangaji. Shilingi hizo zinaweza kulipa kodi ya miezi michache ya chumba cha mabati. Kumjenga mtu upya haziwezi.

Ushauri wangu: daftari lako liwe na safu tatu. Aliyepoteza nyumba, aliyepoteza mali, aliyepoteza kazi. Fundi cherehani aliyepanga ataingia safu ya pili na ya tatu, na mwenye nyumba anayeishi mji mwingine ataingia ya kwanza peke yake. Wakubwa watakuambia safu hizo za ziada hazina bajeti. Waache waseme. Fedha ikija baadaye, na mara nyingine huja, itatafuta orodha iliyokwisha kuandaliwa. Kama haipo, itarudi kwa wenye nyumba walewale.

Na Mabwepande ina somo lingine ambalo wapanga ramani hawapendi kulisikia. Kiwanja walipewa, lakini kipato chao kilibaki Kariakoo na mabondeni: kubeba mizigo, kuuza chai, kufua nguo za watu. Nauli ya kwenda na kurudi ilikula mapato ya siku. Baadhi waliuza viwanja wakarudi bondeni, na mjini wakaitwa wakaidi. Unapoulizwa maoni kuhusu eneo la kuhamishia watu, kabla ya kusifu udongo na mandhari uliza basi linapita saa ngapi na nauli ni kiasi gani.

Makaratasi nayo yanachuja watu kimyakimya. Tope likibeba nyumba, limebeba na kitambulisho cha taifa cha NIDA, hati, vyeti vya kuzaliwa na kadi ya kliniki. Kisha inakuja fedha ya kutumwa kwa simu, na fedha inakwenda kwa jina lililosajili laini. Wanawake wengi wa vijijini wanatumia laini iliyosajiliwa na mume au mtoto wa kiume. Kama mume amefariki kwenye maafa hayohayo, laini ile inaweza kumletea shida. Kwa hiyo wiki ya kwanza, wakati wengine wanagombania kupiga picha na viongozi, wewe tafuta watu wa NIDA na wa RITA, wakala wanaosajili vizazi na vifo, waje na meza zao pale uwanjani. Cheti cha kifo kikitoka mapema, mirathi inaanza mapema, na shamba haliporwi kwanza. Ni kazi isiyo na picha nzuri.

Sasa vipaumbele vya serikali. Utasikia watu wakilalamika kwamba serikali haijali, na utasikia maofisa wakiapa kwamba inajali sana. Angalia kinachojengwa kwanza. Januari 2014 mafuriko yalikata daraja la Dumila, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, alikwenda mwenyewe, wahandisi wakapiga kambi, na baada ya siku chache magari yalikuwa yanapita. Waliobomolewa nyumba Magole na vijiji vya jirani waliendelea kuishi kwenye mahema kwa muda mrefu. Ilichofanya serikali ni kukimbilia kilicho chake, kwa sababu barabara ina wizara, ina wakala, ina fungu la bajeti, na malori yaliyosimama yana wenyewe wanaojua kupiga simu. Nyumba ya udongo ya mama wa Magole haina wizara.

Miaka miwili baadaye, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lilipiga Kagera. Walikufa watu 17 na maelfu ya nyumba ziliharibika, Bukoba, Missenyi na kwingineko. Watu walichanga, wafanyabiashara walichanga, nchi marafiki zilichanga. Magufuli, sasa akiwa Rais, alipofika Januari 2017 alisema wazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba, ikaelekezwa nguvu kwenye taasisi za umma, zikiwemo shule za Ihungo na Nyakato. Kuna waliokasirika na kuna waliopiga makofi.

Nataka uielewe hoja ile kabla ya kuipinga, maana haikuwa ya kijinga. Shule inahudumia watoto wa wote, na nyumba zilikuwa nyingi mno. Shida yake ni kwamba uamuzi unaowatendea wote sawa juu ya karatasi hauwakuti wote mahali pamoja. Mwenye mtoto Dar es Salaam au mwenye duka alipaka plasta kabla ya masika kuisha. Bibi aliyebaki na wajukuu, ambaye hakuwa na wa kumtumia chochote, alibaki na ukuta mmoja na turubai. Shule mpya ikafunguliwa, na mjukuu wake akaenda huko akitokea kwenye turubai. Kama ningekuwa na sauti kwenye uamuzi ule ningesema: jengeni shule, lakini tengeni fungu dogo la mabati, saruji na mafundi kwa wasio na mtu. Hawakuwa wengi kiasi cha kuifilisi serikali. Walikuwa wengi kiasi cha kusahaulika.

Kisha ikaja Hanang. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka kwa mvua, tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh, Gendabi na Jorodom. Walikufa watu 89. Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha safari ya Dubai kwenye mkutano wa tabianchi akarudi, serikali ikagharamia mazishi na matibabu, na safari hii waathirika walijengewa nyumba, zaidi ya 100, eneo la Waret, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na Msalaba Mwekundu wakiwa miongoni mwa wajenzi.

Vijana huniuliza kwa nini Hanang walijengewa na Kagera hawakujengewa, na wengine wana majibu ya kisiasa tayari mfukoni. Siasa imo, lakini hesabu imo zaidi. Nyumba mia na ushee unaweza kuzijenga, ukazikabidhi kwa sherehe na ukamaliza. Maelfu yaliyotawanyika kwenye vibanja vya wilaya kadhaa huwezi kuyakabidhi kwa sherehe moja. Maana yake ni kwamba mtu aliyeumia pamoja na wachache ana bahati kuliko aliyeumia pamoja na wengi, ingawa ukuta uliomwangukia ni uleule. Ukilijua hilo, utaacha kupeleka ombi la nyumba elfu mbili kwa mkupuo. Ligawe: wajane wa kata hii, walemavu wa kata ile, yatima wa kijiji fulani. Kundi lenye namba ndogo na jina la mahali hupata mfadhili. Si haki, ila ndivyo milango inavyofunguka, na bibi wa turubai hana muda wa kusubiri mpaka milango irekebishwe.

Jihadhari pia na kanuni za kukokotoa malipo. Ukiona kanuni inaonekana safi kabisa, irudie mara mbili. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, jimbo la Louisiana huko Marekani lilianzisha mpango ulioitwa Road Home wa kuwalipa wenye nyumba. Kanuni ilisema: chukua thamani ya nyumba kabla ya kimbunga na gharama ya kuitengeneza, kisha lipa kwa kufuata ile iliyo ndogo. Hakuna neno la rangi ya mtu humo. Lakini mjini New Orleans nyumba kwenye mtaa wa weusi ilithaminiwa chini kuliko nyumba kama hiyo kwenye mtaa wa weupe, wakati saruji na mbao bei ni moja. Mweusi akalipwa kwa thamani, mweupe akalipwa kwa gharama, na mitaa kama Lower Ninth Ward ikabaki na viwanja vya majani. Walishitaki, na mwaka 2011 kesi ikaisha kwa makubaliano. Nakuletea hiyo kwa sababu mthamini wetu naye atakuja na kalamu na kuandika nyumba ya tofali za tope kuwa ya thamani ndogo. Ni kweli, ilikuwa ya thamani ndogo. Lakini kuijenga tena, hata kwa tope hilohilo, kunataka nguzo, misumari, bati na fundi wa kulipwa bei ya leo, ambayo baada ya maafa imeshapanda. Dai gharama ya kujenga. Thamani waachie watu wa benki.

Mengine nitayasema kwa haraka. Misaada hufuata lami. Katesh iko kwenye barabara kuu ya Babati kwenda Singida, kwa hiyo lori linafika, linapiga picha, linashusha. Vijiji vya ndani vinasubiri trekta. Wiki ya kwanza weka mtu wako mmoja kule ndani, hata kama hana kitu cha kugawa, aandike tu. Nguo za mitumba zikizidi, sema zimezidi, bila aibu. Mwezi wa tatu waandishi wameondoka na unga umekwisha, na hapo ndipo utakapopigiwa simu usiku. Pokea.

Orodha ikikamilika, isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, jina kwa jina, kisha ibandikwe ukutani. Kutakuwa na kelele. Afadhali kelele za siku moja chini ya mti kuliko manung'uniko ya miaka kumi. Na unapobandika, acha nakala moja kwa mtu asiye kiongozi, mwalimu mstaafu au katekista, maana karatasi za ukutani zina tabia ya kunyeshewa mvua wakati wa kiangazi.

La mwisho, na hili ukilisahau umefanya nusu ya kazi. Siku ya kukabidhi nyumba wote watatazama utepe na funguo. Wewe tafuta ofisa ardhi, umuulize hati itatoka lini na itaandikwa jina la nani. Kama nyumba ni ya mke na mume, majina yawe mawili. Kama ni ya yatima, jina liwe la yatima, na mjomba aandikwe kama msimamizi tu. Uliza hapohapo, kabla msafara wa magari haujaondoka.