Kichwa cha mahindi cha Makambako: hela yako iache mfukoni kwanza

Mkuu mleta uzi, kama hujatuma hela usitume. Kama umeshatuma nusu, usiongeze hata mia.

Nimeona picha zako za kichwa cha kombaini, kile kifaa cha mbele cha mashine ya kuvunia mahindi, cha mistari sita, kilichopo Makambako. Umeuliza kama rangi ni ya kiwandani, oili gani inawekwa kwenye gia boksi, kama kitaingia kwenye mashine yako, na utakihifadhije masika. Wachangiaji wako wanabishana rangi kurasa mbili nzima! Hakuna hata mmoja aliyekuuliza mashamba utakayovuna yamepandwa kwa nafasi gani kati ya mstari na mstari.

Mimi nilinunua pacha wake. Dalali, jina lake namwachia Mungu, alinipigapiga begani akasema, "Bosi, mahindi ni mahindi, mashine itayafuata yenyewe." Nikamwamini. Mtu mzima, na ndevu zote hizi.

Vichwa vingi vya mtumba vinavyotoka Marekani vimetengenezwa kwa mistari ya inchi 30, yaani sentimita 76. Aliyepanda kwa 75 hana shida na wewe, hiyo sentimita moja mashine haiisikii. Lakini mimi wateja wangu wa kwanza walikuwa Ismani, Iringa, wamepanda kwa kufuata plau ya ng'ombe. Mmoja 90, mwingine 80, mwingine mstari wake ulianzia Ismani ukawa unaelekea Dodoma.

Chukua huyo wa 90 upige hesabu. Kila mstari unazidi kwa sentimita 14. Dereva akiiweka mashine katikati kabisa, mistari miwili ya kati inakosea kwa sentimita 7, hiyo inavumilika. Inayofuata, 21. Ya pembeni, 35. Na kutoka kati ya mdomo mmoja (upenyo unaopokea mabua ya mstari mmoja) hadi ncha ya pua (koni inayotenganisha midomo) ni sentimita 38 tu! Yaani bua la pembeni haliingii mdomoni, linagongana na pua, linalazwa, na mhindi unakatika na kuangukia chini kabla cheni ya kuvutia ndani haijaugusa. Mimi niko juu kwenye kabini nasikia raha, tangi linajaa. Nageuka nyuma naona akina mama na watoto wanafuata mashine na viroba kama kuna sherehe. Ekari nne, waliokota magunia tisa. Mwenye shamba aliyahesabu mbele yangu, moja moja, kwa sauti. Hela ya kuvuna sikupata, na nilimlipa juu yake. Jioni hiyo simu za wateja wengine zikaanza kuingia: "Kaka, tumeamua tutavuna kwa mikono tu."

Nilipompigia dalali, akaniambia kosa ni la mkulima, angepanda vizuri. Nilikaa kimya kama dakika nzima. Ningejibu, ningekuwa naandika haya kutoka rumande.

Msimu uliofuata fundi alitoboa fremu upya, akatoa uniti moja (mtambo wa mstari mmoja), akasogeza tano zilizobaki. Ukiangalia, sita mara 76 ni 456, tano mara 90 ni 450, kwa hiyo zilikaa. Mapua yakaacha mianya, tukaunga bati. Sasa nina kichwa cha sita kinachovuna tano, na uniti ya sita iko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia. Gharama usiniulize, mke wangu husoma humu.

Na hata ukikuta wamepanda kwa 75 safi, uliza plenta, mashine ya kupandia, ilikuwa ya mistari mingapi. Plenta ya mistari minne inaacha maungio, pale safari moja inapokutana na nyingine, kila baada ya mistari minne, na maungio hayo hayanyooki hata dereva awe nani. Kichwa cha sita kitayakuta katikati yake. Mistari ya kichwa ilingane na ya plenta, au ya plenta igawanyike kwa ya kichwa bila baki.

Sawa, umeuliza pia uchakavu. Usitazame rangi, tazama rola, zile zinazovuta bua kwenda chini. Pitisha kidole kwenye kingo zake (mashine ikiwa imezimwa, kijana wangu alinusurika vidole akivuta mabua yaliyokwama). Zikiwa zimelainika, zitateleza kwenye mabua badala ya kuyavuta. Meno ya sproketi yakipinda kama ndoana, cheni imekwisha. Klachi ya kutelezea, inayotakiwa kuteleza mzigo ukizidi, ikiwa imeshikwa na kutu, siku likikwama jiwe itakatika cheni, au gia boksi yenyewe. Bamba za kukwanyulia, zile mbili zinazozuia mhindi bua likivutwa chini, ziwe wazi nyuma kuliko mbele kwa milimita 3 hivi. Ukiziachia sana, gunzi linafika kwenye rola na punje zinamwagika. Punje 20 hivi kwa mita ya mraba unaweza kuzidharau, ila ni kilo 25 kwa ekari, robo gunia.

Lakini hayo yote yanatengenezeka. Nafasi haitengenezeki kwa bei ya mtu mwenye akili.

Kesho asubuhi chukua tepu, nenda kwenye shamba la mteja wako mkubwa, pima kuanzia mstari wa kwanza hadi wa kumi na moja, gawa kwa kumi. Fanya hivyo mashamba matatu. Halafu nenda Makambako upime ncha ya pua hadi ncha ya pua. Dalali akikuambia mashine itayafuata yenyewe, mpe salamu zangu. Urudi hapa na namba zote, ya oili tutaongea baadaye.