Maswali ya Wasomaji: Kurasa nne zikizaa ya tano

Safari hii barua zote zimetoka mkoani Tabora, na karibu zote zinauliza kama programu huria, zile za bure, zinaweza kufanya kazi pamoja na zile za kununua.

Swali: Ndugu mhariri, nafundisha shule ya msingi hapa Urambo. Mtihani nauchapa nyumbani kwa LibreOffice (programu huria ya kuandikia, mfano wa Word) kwenye Linux Mint (mfumo huria wa kompyuta, badala ya Windows), nausevu kama docx, aina ya faili la Word, naupeleka steshenari kwa flashi. Kwangu ni kurasa nne kamili. Dukani wakiufungua kwa Word unakuwa kurasa tano, vitone vya kujazia majibu vimekatika, na mchoro wa moyo umehamia swali la 12. Mwenye duka ananiambia niachane na vitu vya bure. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, mwalimu, ila usimlaumu sana. Yeye anaona faili lililovurugika tu.

Mchawi wa kwanza ni fonti. Ukifungua ukurasa mpya kwenye LibreOffice, herufi unazopewa ni Liberation Serif. Zina upana sawasawa na Times New Roman, lakini kompyuta ya duka haina fonti yenye jina hilo, kwa hiyo Word huchagua nyingine yenyewe. Herufi zikipanuka hata kidogo, neno moja linateremka mstari wa chini. Kwenye ukurasa uliojaa hadi pambizoni, mstari mmoja tu ukizidi, kila kinachofuata kinasukumwa. Ndiyo hiyo kurasa ya tano.

Dawa yake ni kuweka Times New Roman yenyewe kwenye Mint. Fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, na uandike sudo apt install ttf-mscorefonts-installer. Katikati ya kazi litatokea dirisha la masharti ambalo panya haifanyi kitu ndani yake, na wengi hukwama hapo wakidhani kompyuta imeganda. Bonyeza Tab mpaka neno OK liwake, kisha Enter. Bando liwe hewani, kwa sababu fonti zenyewe zinapakuliwa wakati huo huo. Calibri haimo kwenye kifurushi hicho. Badala yake LibreOffice hutumia Carlito, yenye vipimo vilevile.

Vitone je? Bila shaka umevichapa kimoja kimoja. Acha. A4 ina upana wa sentimita 21. Ukitoa pambizo za sentimita 2 kila upande zinabaki 17. Nenda Format, Paragraph, kisha Tabs: nafasi andika 17, aina chagua Right, na kwenye Fill character chagua vitone. Sasa mwisho wa swali bonyeza Tab mara moja tu, vitone vitajaa mpaka ukingoni na vitaishia palepale kwenye kompyuta yoyote. Mchoro wa moyo nao ubofye kitufe cha kulia, Anchor, As Character. Utakaa kwenye mstari wake kama herufi, hautatangatanga.

Angalia pia Format, Page Style. Kama karatasi imeandikwa Letter, badili iwe A4. Letter ina urefu wa milimita 279, A4 ina 297, na printa nyingi zikiona Letter husimama na kuwasha taa zikidai karatasi ambayo Urambo nzima hakuna anayeiuza.

Baada ya hayo yote, kwa kazi ya kuprinti tu usipeleke docx. Tengeneza PDF (File, Export As), ambayo hubeba fonti zake ndani. Docx mpe yule atakayehariri. Na wenye steshenari mnaosoma hapa: LibreOffice inakaa pamoja na Word kwenye Windows bila ugomvi wowote. Isakinisheni, mteja akija na faili la odt, yaani la LibreOffice, msimrudishe nyumbani.

Swali: Laptopu ya AMCOS yetu (chama cha ushirika wa wakulima) Sikonge ina Windows 10 na RAM ya GB 4. Fundi mmoja anasema Windows hiyo imekufa, tununue mashine mpya. Mwingine anataka kutuwekea Linux leo hii. Hesabu za tumbaku tunazo kwenye Excel, ina vitufe vya kubonyeza ili ijumlishe kilo za kila mkulima. Tumsikilize nani? Katibu.

Jibu: Katibu, wote wawili wana haraka. Kilichokoma tarehe 14 Oktoba 2025 ni msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10. Mashine itaendelea kuwaka, ila matundu mapya ya usalama hayazibwi, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kupata nyongeza ya muda. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani sana, na hata ikikubali, kwa GB 4 itawachosha.

Ijaribuni Mint, toleo lake jepesi la Xfce, bila kufuta chochote. Tafuteni flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa yote. Faili la Mint linakaribia GB 3. Likishapakuliwa mara moja mnaweza kuwagawia hata vyama jirani bila kuvunja sheria, jambo ambalo Office ya kuchakachua haiwapi. Liandikeni kwenye flashi kwa programu ya Rufus, zimeni, washeni huku mkibonyeza F9 kwa HP nyingi au F12 kwa Dell na Lenovo nyingi. Mint itafanya kazi ikiwa ndani ya flashi. Jaribuni waifai, printa na sauti, kisha funikeni laptopu muone kama ikilala inaamka.

Vitufe vya Excel ndipo penye kazi. Fomula kama SUM, IF na VLOOKUP hupita salama, lakini kitufe huendesha makro (amri zilizoandikwa ndani ya faili), na LibreOffice inaelewa sehemu tu ya makro za Excel. Kwanza ondoeni kizuizi: Tools, Options, Security, Macro Security, wekeni Medium. Fungueni upya, mkiulizwa mkubali, kisha mlinganishe jumla na ya zamani, mkulima kwa mkulima. Ikigoma, kujumlisha kilo hakuhitaji kitufe. Namba za wakulima zikiwa safu A na kilo safu D, andikeni =SUMIFS(D2:D500,A2:A500,"M014"). Ikileta kosa, badilini mkato uwe nukta-mkato, kutegemea mpangilio wa lugha.

Mkiamua kuweka Windows na Mint pamoja, zimeni Fast Startup (kuwaka haraka) ndani ya Windows. Isipozimwa, Windows haizimiki kikamilifu, na Mint itafungua diski hiyo kwa kusoma tu.

Swali: Nzega umeme hukatika nikiwa katikati ya kuandika. LibreOffice inaweza kujisevu?

Jibu: Tools, Options, Load/Save, General. Dakika za AutoRecovery (kujisevu kwa dharura) punguza kutoka 10 ziwe 2, na weka tiki kwenye Always create backup copy. Ctrl+S iendelee kuwa tabia.

Swali: Nina steshenari Ng'ambo. Kadi za harusi natengeneza kwa GIMP, programu huria ya picha, kwenye skrini nyekundu inawaka, ikirudi kutoka kiwandani imefubaa. Ninunue Photoshop?

Jibu: Skrini huchanganya mwanga, mashine ya uchapaji huchanganya wino wa rangi nne. Nyekundu nyingine za skrini hakuna wino unaozifikia, hata ukiwa na Photoshop, ambayo siku hizi ni ya kulipia kila mwezi. Tofauti ni kwamba Photoshop hukuruhusu kufanya kazi moja kwa moja ndani ya rangi za wino, na GIMP bado haijafika hapo. Ukipokea oda za kiwandani kila wiki, piga hesabu ya ada. Kama ni mara mojamoja, picha safisha kwa GIMP, kisha maandishi na mpangilio ufanyie Scribus, programu huria ya kupanga kurasa, inayotoa PDF yenye rangi za wino.

Kadi ya A5 ni milimita 148 kwa 210. Ongeza milimita 3 za kukatwa kila upande: kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) picha ya nyuma iwe pikseli 1819 kwa 2551. Na kabla ya kuchapa kadi 300, omba moja ya majaribio uione juani, nje ya duka.