Khanga ya bibi yako na wavu wa sangara

Mwanangu,

Umeuliza kama unaweza kuikata khanga ya bibi yako, ile ya "Japo sipati tamaa sikati", uishone juu ya wavu kwa ajili ya maonyesho yako. Kushona, shona. Kukata, hapana. Ukiondoa neno la mwisho tu, inabaki "Japo sipati tamaa", na bibi hakuvaa maneno hayo. Pindo la kuzunguka, mji wa katikati na jina, yaani maneno yake, husomwa pamoja. Tena khanga yenyewe ilizaliwa kwa kuunga: wanawake wa pwani, karne ya 19, waliunganisha leso sita za mkononi, tatu kwa mbili, wakapata vazi moja. Nawe unga.

Kabla ya kufua, jaribu kama inachuja. Kandamiza kitambaa cheupe kibichi kwenye pembe ya pindo kwa dakika 10. Kikishika wekundu, usiiloweke. Ikung'ute vumbi taratibu tu. Chumvi na siki haviizuii rangi ya kiwandani kuchuja.

Mikunjo ya miaka mingi ndiyo itakayochanika kwanza, kwa hiyo weka marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, nyuma yote, izidi sentimita 5 kila upande. Marekani hiyo ifue kwanza kwa maji ya moto. Ikirudi baada ya kushonwa, khanga itajikunyata na hutaweza kuinyoosha. Piga bandi, mishono mirefu ya mkono, kuanzia katikati ya mji kwenda nje, bila kuvuta. Tumia uzi wa pamba: wa polista una nguvu kuliko khanga kuukuu, ukivutwa unakata kitambaa, ila wa pamba hukatika wenyewe. Pembe zilizolika kwa kufungia watoto mgongoni usizizibe. Nakuomba sana hapo. Marekani ionekane ndani ya tundu. Hapo ndipo bibi yupo zaidi ya kwenye maua.

Wavu mkuukuu utaupata Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Uloweke kwa sabuni ya unga usiku kucha, usuuze hadi maji yasiteleze mkononi, maana mafuta ya samaki yakibaki yataitia khanga madoa ya manjano. Anika kivulini, jua hula nailoni. Kisha utundike mtupu siku mbili, na uzito kidogo chini, mafundo yakaze. Ndipo ufunge ukingo wa marekani kwenye wavu, kamwe si khanga yenyewe.

Maonyesho yakiisha usiikunje. Iviringishe kwenye bomba nene, maua nje.

Mama yako