Logi ya mtandao ikikatika, mtafute kwanza aliyeikata

Logi ya mtandao, yaani maandishi ambayo programu huyaweka kuhusu yaliyopita kati yake na seva, ikiishia katikati, lawama huenda moja kwa moja kwa seva, kompyuta inayotuma majibu. Sisi tunaotengeneza programu hapa Unguja tuna sababu ya kufikiri hivyo: intaneti ina siku zake, umeme una siku zake, na jibu kufika nusu halimshangazi mtu. Lakini kwa niliyoyaona kazini, mara nyingi jibu limefika zima. Kilichokatwa ni maandishi ya logi tu, na aliyeyakata yuko upande wetu.

Mimi huanza na urefu. Hesabu baiti mpaka pale ilipokatika, kisha linganisha na logi nyingine zilizokatika. Zikiwa zote zinaishia pale pale, usihangaike na mtandao, hicho ni kikomo kilichowekwa. Mtandao mbovu hauchagui namba. Zikiishia ovyo ovyo, hapo shuku programu kuzimika, diski kujaa au muunganisho kuvunjika.

Tulikuwa na programu ya simu ya kukatia tiketi za boti, bandari ya Malindi hapa Unguja hadi Mkoani kule Pemba. Wakala akifungua orodha ya safari, skrini inabaki nyeupe, na kwenye logcat, yaani logi ya Android, JSON (maandishi ya data yanayotoka kwa seva) imeishia katikati ya jina la abiria. Wenzangu walikwishaamini seva inatuma nusu. Nikaomba nioneshwe Content-Length ya jibu lile, namba ambayo seva hutaja urefu wa inachotuma: zaidi ya baiti 9,000, bila ya kubanwa kwa gzip ili kupunguza ukubwa (likibanwa, namba hiyo ni ya kilichobanwa, usiilinganishe na maandishi). Logi yetu ilikuwa na kama 4,000. Android ina kikomo cha karibu baiti 4,000 kwa kila ujumbe wa logcat, na kinachozidi hakionekani. Tukaliandika jibu zima kwenye faili, likatoka lote, mabano yamefungwa vizuri. Hitilafu yenyewe ilikuwa safari moja iliyokuja bila tarehe, na programu yetu haikujua kuisoma. Ilikuwa humo humo kwenye sehemu tusiyoiona.

Kwa hiyo vikomo vya kawaida ni vyema uvijue kwa kichwa. Logi za System.Net, sehemu ya mtandao ya .NET Framework ya Microsoft, huonesha baiti 1,024 tu usipobadilisha mpangilio wa maxdatasize. Syslog ya zamani, njia ya kutumiana logi iliyoelezwa kwenye waraka wa RFC 3164, nayo ni 1,024 kwa ujumbe mzima. Docker, inayoendesha programu ndani ya makasha, hukata mstari wa logi kila kilobaiti 16, ila vipande vyote vipo, ni kuviunga tu. Tcpdump, programu ya kunasa pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni), zile za zamani zilichukua baiti 68 au 96 za mwanzo wa kila pakiti. Ukiikuta kwenye seva kongwe, ongeza -s 0 ili inase pakiti nzima. Kwenye Wireshark, programu ya kuzisoma pakiti zilizonaswa, tazama urefu wa pakiti ilivyopita na urefu ulionaswa. Vikitofautiana, aliyekata ni mnasaji, yaani programu iliyonasa.

Mkato usio na namba maalumu mara nyingi ni bafa. Programu hukusanya maandishi kwanza, ndipo huyapeleka diskini kwa mkupuo. Umeme ukizimika, au ukiiua programu kwa kill -9, amri ya kuizima kwa nguvu, yaliyokuwa yakisubiri yanapotea. Tcpdump iendeshe na -U, ili kila pakiti iandikwe bila kusubiri, na uisimamishe kwa Ctrl+C.

Jambo moja nalisisitiza sana kwa vijana wanaokuja kwetu kufanya mazoezi ya kazi: kikomo kisiondolewe kiholela. Jibu zima la tiketi lina jina la abiria, simu yake na namba ya pasi, na faili kama hilo likishatumwa kwenye grupu la WhatsApp la mafundi huna tena la kufanya. Ongeza kikomo kwenye mashine ya majaribio, kwa abiria wa kubuni. Ikibidi kwenye seva ya wateja, ficha sehemu hizo kabla hazijaandikwa, nasa hitilafu unayoitafuta, rudisha kikomo, na faili lifutwe siku hiyo hiyo.